Ukubwa wa Ukucha

Mwalimu Eliufoo alikuja na muswada ndani ya mfuko wa sukari,
kurasa mia mbili na kumi, zimefungwa kwa uzi wa fundi viatu,
akaketi kwenye benchi la muuza vioo (chumba changu ki nyuma yake),
akasema, "Binti, niwekee mlima."

Kila mtu Moshi anataka mlima.
Kitabu cha ufugaji nyuki: mlima.
Mafundisho ya kipaimara: mlima.
Hata yule bwana wa Pasua aliyeandika habari za figo zake
alitaka Kibo nyuma ya kitanda cha hospitali.
Nimeuchora hadi kalamu inaupanda yenyewe, bila mpagazi.

Nikamwambia: Mwalimu, hiki ni kitabu cha karani wa mizani
aliyewaibia ndugu zake kahawa, kilo moja moja,
mpaka akaezeka nyumba bati jekundu.
Mlima umeingiaje?
Akafikiri.
"Ulikuwa unamwona," akasema.

Siku nne nikatafuta nyekundu.
Si ya nyanya, si ya soda:
nyekundu ya buni iliyoiva jana na leo haijachumwa.
Niliipata kwenye pindo la kitenge cha mama mmoja Kiboriloni,
nikamlipa mia tano asimame mwangani.
Aliniuliza kama nina akili timamu. Akasimama.

Ndipo mchapishaji akapiga simu kutoka Arusha.
Siku hizi, alisema, jalada linaonekana kwanza kwenye simu,
ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.
Kuza jina. Ondoa mizani. Ondoa kivuli cha karani.
Nikaweka ukucha wangu juu ya kioo:
ukafunika mizani, karani, shamba,
na Mwalimu mwenyewe na benchi lake.

Jirani yangu Ndeshi ni nesi, zamu ya usiku, Mawenzi.
Anacho kile kifaa cha kusomea, chembamba kama kibao cha kukatia mboga,
amekijaza vitabu mia nne na hakijanenepa.
Hiki alikimaliza kwa zamu mbili.
Jalada umelionaje?
"Jalada gani?"

Kumbe kifaa humfungulia kwenye sura ya kwanza,
humpitisha dirishani kama mwizi,
na mlango nilioupiga randa siku zote hizo
hata hajui uko upande gani.
Nikamrudisha nyuma kwa kidole, ukurasa, ukurasa, hadi kizingitini.
Nyekundu yangu ilikuwa majivu.

Nilitaka kununa. Ila macho yake yalikuwa yamevimba.
"Pale," akasema, "anapompima mwanawe mchanga
kwenye mizani ile ile ya kahawa,
halafu kwa mazoea anataja kilo pungufu."

Pale.
Nilipapita mbio, natafuta rangi.

Boksi sita zilifika siku ya mvua, zikinuka gundi.
Mwalimu alinusa kitabu kabla ya kukitazama,
akakipapasa mgongo kwa gumba, juu mpaka chini,
kama anayetafuta mfupa wa samaki.
Nikangoja aseme kitu kuhusu nyekundu.

Akafungua kabati, akatoa kalenda ya SACCOS ya mwaka juzi,
akachana Agosti,
akakunja pembe kwa unadhifu wa miaka thelathini na sita ya chaki,
akakivalisha kitabu chake
ili kisichafuke.

Agosti ilikuwa mlima.
Mweupe, bila wingu, na namba ya simu ya mikopo chini yake.

"Limependeza sana jalada," akaniambia, akiligongagonga,
nami sikuuliza lipi.
Akanihesabia salio langu noti kwa noti, mbele ya mkewe,
akalamba kidole, akahesabu tena.

Nilipofika Dabo Rodi nikazihesabu mwenyewe.
Imepungua elfu moja.
Nikageuka kutazama nilikotoka. Huko juu hapakuonekana kitu,
wingu tupu mpaka Kibosho.
Sikurudi.