Deni la Bakuli

Usidhani sikuhesabu, Ndugu Anselmo.
Jumatatu ulikula kwa Tiburcio mshona matandiko,
mbuzi mzima, na zizini wamebaki wawili.
Nilikuona unavyosita, kipande mkononi,
nikakukanyaga mguu chini ya meza:
kula.
Aliyekuchinjia, kumwonea huruma ni kumtukana.

Jumanne mvua. Ninfa alipika maharage meusi
kwa kuni mbichi, sote tukalia,
na kila mmoja akasingizia moshi.

Siku zilizofuata zimenichanganyikia:
kwa nani ulipewa kuku wa mchuzi mweusi
wa pilipili na chokoleti,
kwa nani yule kipofu, Abundio, alikupapasa uso
kama anayepima hindi bichi,
akasema, "Umezeeka. Ulikuja hapa na mashavu."

Ulikuja na mashavu, ni kweli,
na viatu vyeupe, hapa Santa Rita la Honda,
ambako Julai hata mbingu ina matope.
Na Kihispania chako cha kuokoteza!
Kwa lugha yetu njaa na mwanamume ni majirani,
na wewe siku ya kwanza ulikosea mlango:
ulitaka kutuambia una njaa ya haki,
ukatuambia una mwanamume wa haki.
Wanawake wa benchi la nyuma
hadi leo hawajamaliza kucheka.

Miaka kumi na moja.
Ulitufundisha zaburi; sisi tulikufundisha
kugeuza chapati ya mahindi kwa vidole vitupu.
Sijui nani alitoka na zaidi.

Lakini kuna lile la Novemba, sijawahi kulisema.
Mwaka wa kwanza uliona mkate na maua ya manjano
niliyomwekea Chayo wangu mezani, na mshumaa,
ukaniambia kwa upole, ule upole wako unaouma,
kwamba wafu hawali.
Nilinyamaza.
Nani ajuaye hilo kuliko mama,
anayeikuta sahani asubuhi
imejaa vilevile?

Mwaka wa saba ulibisha hodi usiku,
mkate wa sukari umeufunga kwa gazeti,
ukauweka karibu na picha yake,
ukavuta kigoda, ukakaa.
Sikusikia sala. Labda ulisali, labda hapana.
Mshumaa ulipofika mwisho ulisema tu,
"Angekuwa na miaka ishirini."
Tangu usiku ule ninaamini unachoamini.
Si chote. Kile chenye uzito.

Jana mbele ya duka la Crescencio
walikuvisha shada la karatasi, bendi ikapiga,
tarumbeta moja bovu ikitangulia nyingine zote
kama punda anayejua nyumbani ni wapi.
Ulihutubia. Safari hii hukukosea hata neno moja,
nami nikasikitika.

Leo Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi,
basi linanguruma uwanjani
nawe unakuja mbio na bakuli langu la bluu,
lile lenye pengo ukingoni,
nililokuletea uji wa mahindi ulipougua homa
miaka tisa iliyopita.
"Doña Hermelinda, nusura nisahau!"
Umelijaza: malimau manne, pipi, kalamu yako.
Chombo cha mtu hakirudi kitupu;
hilo nalo umejifunza.

Nachukua malimau. Pipi ni za wajukuu.
Kalamu naichomeka kwenye nywele,
na bakuli nakurudishia mikononi.
La, Ndugu. Nenda nalo.
Mdaiwa haisahau njia.

Dereva anapiga honi.
Abundio anapunga mkono
kuelekea upande usio wako, kwenye ukuta wa shule.
Usimrekebishe.
Punga.