Filimbi Bubu

Sikuomba michezo.
Niliomba fizikia; alama zikanishusha ngazi,
nikajikuta uwanjani Chake na bukta ya kuazima,
nikijiambia: miaka miwili, cheti, basi.
Mwalimu wa mpira ana kazi gani?
Hupuliza, hukaa kivulini, hunywa soda.

Bi Raya Shaame, mkufunzi wetu,
buibui kalifunga kiunoni, raba kazipaka chaki,
alitugawia filimbi siku ya kwanza.
Tukapuliza. Pumzi tupu.
Kokwa za ndani alikwisha kuzitoa usiku,
moja moja, kwa sindano ya kushonea ukili.
"Mtoto huitwa kwa jina," akasema.
"Kwa mlio huitwa kuku."

Wiki tatu hatukugusa mpira.
Tuliokota mawe. Vigae. Miba.
Faki akanung'unika: tumesajiliwa ualimu au ukulima?
Bi Raya akavua raba,
akauzunguka uwanja mzima pekupeku, taratibu,
akarudi, akatuonesha unyayo.

Na neno lake moja, alilirudia hata tukaliota:
"Usihesabu wanaokimbia. Hesabu waliokaa."
Dakhalia tukimwigiza, tukicheka mpaka machozi:
"Faki, umekaa kitandani, nimeshakuhesabu!"

Kisha mazoezi ya kufundisha, skuli ya Kengeja,
msimu wa karafuu.
Uwanja wote majamvi, karafuu zinaanikwa,
hakuna pa kukanyaga.
Mwalimu mkuu, kwa upole:
"Kipindi chako mwachie wa hesabu. Pumzika, kijana."
Mwaka mmoja nyuma ningembusu mkono.
Sijui ni nini kilichonishika.
Niliusikia mdomo wangu:
"Naomba baraza ya nyuma, mwalimu.
Na dakika zangu arubaini."

Watoto arubaini na watatu,
mpira wa matambara, mistari ya mkaa sakafuni.
Nikahesabu waliokaa: mmoja.
Mize Asaa, mguu wa kushoto mfupi,
kazi yake kulinda viatu vya wenziwe.
"Mize."
Hakuinuka. Nani amewahi kumwita Mize
saa ya michezo?
"Mize Asaa."
Nikafuta mistari kwa kiganja,
nikachora uwanja upya, kuanzia pale alipokaa.

Sitasema alikimbia. Hakukimbia.
Alidaka mara mbili, akakosa tano,
akamtukana Hamadi kwa kumrushia mpira kama yai.
Tusi lile nililiandika kwenye daftari,
safu ya "mafanikio ya kipindi".

Bi Raya alikuwa amesimama pembeni, sikumwona alivyoingia.
Hakusifu.
Aliinama, akaokota kigae kilichonipita machoni,
akanitia mkononi,
akaandika B,
akaipiga teke vespa yake, akenda zake.

Viatu siku ile havikuwa na mlinzi.
Pea moja ilipotea. Yangu.
Nikarudi nilikofikia pekupeku,
macho chini njia nzima.