Vyoo Vinane

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
duka la kurudufu karatasi.
Saa tatu usiku nashusha mlango nusu
na kuanza kazi yangu ya pili, isiyo na mshahara:
najenga.

Jana nilimwaga ziwa. Leo nimeliondoa.
Kilima nakivuta juu kwa kidole kimoja
kama mtu anayeinua utando wa maziwa.
Nataka reli yangu ipande polepole, kwa kelele,
tak, tak, tak,
kama vitoroli vya mkonge kule Pongwe
alivyosukuma babu yangu Shemweta
mpaka bega moja likawa chini ya jingine.
Babu alisukuma kupanda; kushuka alitembea.
Mimi nimempa kiti cha mbele.

Inadondoka, inapinda, inaingia pangoni,
pango nililochimba kwa kukumbuka Amboni.
Popo nimeweka arobaini,
wote wanatazama upande mmoja, sijui kwa nini.

Na bembea. Ile ya utotoni mwetu
ilikatwa minyororo usiku mmoja,
ikauzwa kwa kilo,
ikabaki milingoti miwili inayotazamana
kama watu waliosahau nani anamdai nani.
Humu nimeifunga upya, viti kumi na sita,
na mwizi hana pa kupitia ila kwa nywila yangu.

Ubeti wa lango alinitungia Bi Tatu wa duka la vitambaa
kwa malipo ya nakala kumi na mbili za hati ya kiwanja:

*Karibu uliyefika, wa mbali na wa jirani,*
*Hata mwoga wa kuruka, kuna benchi kivulini,*
*Ukipanda ukishuka, shika chuma mkononi,*
*Kofia ikidondoka, usituulize sisi.*

Wageni wakaingia, wadogo kama punje za mtama,
kila mmoja na wazo lake juu ya kichwa.
Nina njaa. Tiketi ghali. Nimechoka.
Nikawawekea mihogo ya kukaanga, na madafu;
bado wamenuna.
Wakitapika njiani, nina mfagiaji,
nimempa jina la Kilua,
aliyenikopa elfu ishirini akahamia Handeni.

Halafu usiku mmoja nikaifunga bustani nzima
ikawa faili, nyepesi kuliko picha za harusi,
nikaiachia iende.
Ayetaka aichukue. Aipande. Aibomoe.
Bando likakata kwenye asilimia tisini.
Nikanunua jingine, chakula cha mchana kikasubiri.

Wiki tatu, kimya.

Kisha ikarudi, kutoka kwa mtu
ambaye jina lake sikujua hata herufi zake.
Nikatafuta alichogusa.
Reli palepale. Popo palepale.
Ubeti wa Bi Tatu, asioweza kuusoma,
kaupaka dhahabu.
Na nyuma ya bembea, vyoo vinane,
taa juu ya kila mlango,
ua wa michongoma kwa ajili ya staha.

Vyoo!
Mimi, niliyelelewa nyumba ya wapangaji kumi na choo kimoja,
niliyejua foleni ya alfajiri na ndoo mkononi,
nilijenga dunia nikasahau vyoo.
Nilicheka mpaka mlinzi wa benki akaja kugonga.

Jumamosi nikawaita watoto wa mtaa,
nikazima taa, nikageuza kioo kiwatazame.
Wakapanga foleni ya kweli kwa safari ya uongo.
Mwanakombo, miaka sita, akapata kiti cha mbele,
kiti cha babu.
Tak, tak, tak.
Vidole vyake kwenye ukingo wa meza.
Juu kabisa, pumzi moja kabla ya kudondoka,
akasema: "Subiri."

Nikasimamisha.

"Nataka kukojoa kwanza."

Nikamfungulia mlango wa uani.
Tukamsubiri sote: watoto, mimi, Kilua na ufagio wake,
na popo arobaini
waliosimama hewani.