Shimo Nyuma ya Runinga

Chambuso hakujua Kihispania hata cha salamu.
Alijua kukohoa kabla ya kushika kipaza sauti,
alijua bei ya petroli ya jenereta,
na alijua watu wa Keko Magurumbasi
hawatoi mia mbili kutazama midomo ya wageni.
Basi mtu wa kwenye filamu akifungua kinywa,
Chambuso naye anafungua cha kwake:
"Huyu mnene muiteni Tupatupa. Kafukuzwa kazi bandarini.
Mwenzake yule mwenye kichogo, mke kakimbia na godoro.
Wanakwenda kufukua mali ya bibi yao. Shikeni roho!"

Mimi nilikaa mlangoni na kopo la chenji.
Waliokuja kila usiku walikuwa walewale:
Ndimbo, mlinzi aliyeibiwa geti alilokuwa akililinda;
Mwamvita wa vitumbua, aliyekopa vikoba vitatu kulipa cha nne;
Kulwa na Doto, wasiosemezana tangu arobaini ya baba yao,
kila mmoja akimtuma jirani amwambie mwenzake asogee;
na Mwalimu Kisanga wa jiografia,
aliyetoka Jumatatu kufuatilia mafao Posta
akapotea, akarudi Jumatano.

Usiku wa kumi na moja, filamu ileile,
Chambuso, kwa njaa au kwa kuchoka, sijui,
akatia maneno ambayo jana hayakuwemo:
"Mali haiko mbali. Iko hapo hapo mlipokaa.
Mjerumani kaifukia, kaacha alama ya mshale."

Hakuna aliyecheka.
Ndimbo akageuka kutazama ukuta.
Ukutani palikuwa na mshale.
Ni wa fundi umeme, nilikuwepo alipouchora kwa mkaa,
lakini nilikuwa nalipwa nipokee hela,
sikulipwa niharibu filamu.

Wakachimba siku tatu, nyuma ya runinga.
Mwalimu alipima kwa rula ya ubaoni,
akituonyesha kaskazini
iliyohama kila alipomaliza chai.
Mwamvita alileta vitumbua kwa mkopo,
akaandika daftarini: Ndimbo, rupia mbili. Mwalimu, rupia tano.
Kulwa anachimba, Doto anazoa, kimya,
ila koleo lilipita mkono hadi mkono,
na koleo nalo ni barua.
Juu ya vichwa vyao Tupatupa alianguka kisimani,
usiku wa kumi na nne mfululizo.

Sururu ikagonga chuma.
"Sanduku!" Ndimbo akapaza sauti, machozi yakimlenga.
Tukamwambia ngoja. Akapiga la pili.
Maji yakaruka hadi kwenye bati,
yakaizima Hispania yote pamoja na spika.

Wiki sita bomba la mtaa lilikuwa likipiga miluzi tu.
Nani aliita watu, sijui. Zilikuja ndoo,
madumu, beseni la kuogeshea mtoto,
sufuria yenye ukoko wa ugali bado imeushikilia.
Mwamvita akapanga foleni, hakumtoza mtu.
Na Doto, amelowa hadi kwenye kope,
akamgeukia Kulwa, bila mjumbe katikati:
"Mjinga wewe, vua shati tuzibe!"
Miaka minane. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza.

Faini ilikuja na muhuri. Chambuso akauza jenereta.
Banda lile sasa linauza vifaranga,
na Mwamvita anazo bado zile karatasi za rupia.

Mwaka jana binamu yangu Nangoma, daktari,
aliyesomea Kuba miaka saba,
aliikuta sidii ile kabatini kwangu.
Tukaitazama. Inakwama dakika ya arobaini,
mwisho wake hatukuwahi kuujua,
Chambuso alikuwa akitupa mpya kila usiku.
Nikamwuliza: hapa, mnene anapolia akionyesha chini,
anasema mali iko wapi?
Akarudisha nyuma, akasikiliza mara mbili.
"Anasema viatu vinambana."

Nikamwambia arudishe tena.
Kuba hawakumfundisha vizuri.