Lango la Pande Mbili

Ua nimeukata mwenyewe, Jumamosi asubuhi,
upana wa sentimita tisini na mbili,
na Orvokki akanitazama kutoka dirishani kwake,
kikombe mkononi, bila kunipungia.
Miaka kumi na mmoja tumesemezana juu ya ua huu:
kuhusu mtaro,
kuhusu majani ya mpea wake,
kuhusu mtaro tena.

Mwerezi nilinunua kwa Haldane, apasuaye magogo kule gatini,
mbao saba, mbili zina mafundo.
Harufu ilijaa gereji, ikapanda ngazi,
ikalala nasi kitandani.
Mume wangu akasema kisiwa kizima cha Vancouver
hakina mwanamke mkaidi zaidi.
Labda. Ila useremala siujui.
Miaka thelathini nilikanda unga jikoni mwa kivuko;
mkono wangu unajua vitu vinavyoumuka,
vitu unavyoweza kuvifinyanga upya vikikataa.

Ubao haufinyangwi.
Ukiukata mfupi, ni mfupi hadi kiyama.

Nikachonga ndimi nne na matundu manne.
Ulimi, ndivyo mafundi wauitavyo
ule mwisho mwembamba unaozama tunduni.
Wa kwanza ulinenepa, ukagoma mlangoni.
Wa pili niliupunguza kwa hasira,
ukalegea kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Wasemao ulimi hauna mfupa
hawajashika patasi.
Huu una mfupa, una nyuzi, una upande wa kukatwa
na upande wa kuachwa,
na ukishaukosea
msamaha wako hauna pa kuuchomeka.

Siku ya tisa nikalitundika.
Jumatano lilikuwa limeinamisha pua,
linakwaruza kokoto kila nikilifungua.
Ndipo Orvokki akatoka, viatu vya mvua, nywele hazijachanwa.
Akalitazama kwa muda unaotosha kuchemsha yai.
"Mshazari umeuweka kinyume," akasema.
"Uanzie chini, kwenye bawaba,
upande kwenda kwenye komeo.
Ubao haujui kuvuta. Unajua kubeba."
Akarudi ndani.

Nilimchukia siku mbili, na mvua ikanisaidia.
Siku ya tatu nikafungua skrubu kumi na sita
nikaugeuza.

Lakini lililoninyima usingizi halikuwa hilo.
Lifungukie kwa nani?
Komeo likae upande upi?
Maana mwenye komeo ndiye mwenye neno,
na mwenzake ni mgeni wa kubisha hodi.
Nililala nikiligeuza lango lile kichwani,
kwake, kwangu, kwake,
hadi mume wangu akahamia sebuleni.

Dukani nikapata komeo lenye pete mbili,
moja mbele, moja nyuma, chuma cheusi.
Kijana muuzaji akaniambia ni ghali kidogo.
Nikalipa.
Nikaamua lifungukie kwake,
kwa sababu upande wangu kuna maharagwe.
Hiyo ndiyo sababu niliyompa.

Hakusema ahsante. Alizungusha pete yake mara moja,
akapitisha kidole kwenye mwanya
niliouacha, unene wa sarafu.
"Novemba litavimba," akasema.

Kesho yake nikakuta ndoo ya pea kando ya kizingiti,
upande wangu,
zilezile ambazo miaka yote zilikuwa zikiniangukia bure
na nikizilalamikia.
Hizi zilikuwa zimefutwa kwa kitambaa.

Novemba likavimba.
Mvua siku kumi na nne, mwerezi umekunywa, umeshiba,
lango limekaza kama kizibo.
Nilikuwa na sufuria ya supu, mikono imejaa.
Nikaweka bega, nikasukuma.
Halikwenda.
Nikasukuma tena, na safari hii
upande wa pili nikasikia pumzi,
na pete ya chuma ikilia,
mtu anavuta.