Vyako Vimelala

Miaka kumi na tisa nakanda unga wa ngano
nyuma ya soko la Majengo, kabla ya adhana,
maandazi mia mbili, na chapati za watu wa ofisini.
Nani angemshuku mwenzake wa kazi?

Tumbo likajaa kama ngoma, magoti yakaisha nguvu,
damu ikapungua. Wakasema minyoo, wakasema amiba,
shemeji akasema nimerogwa na muuza vitumbua.
Daktari Mbogoni akanichorea nyuma ya bahasha:
ndani ya utumbo kuna vinyweleo, vimesimama kama shamba.
"Vyako vimelala."
Hapo nikaelewa. Uwele uliolazwa na upepo
nimeuona sana, Hombolo, nikiwa mtoto.

Akahesabu vya kuacha, nami nikahesabu wateja:
andazi, chapati, mkate, tambi, kalimati,
sambusa, si kwa nyama yake, kwa manda yake;
bia ya shayiri (hiyo haikuniuma);
hata kile kipande cha keki cha harusini
unacholishwa kwa kijiti huku kamera ikingoja.
"Na vitumbua?"
"Vya mchele mtupu, kula."
Shemeji, umesikia?

Lakini ngano haijui kukaa kwake.
Hubaki kwenye koo la mashine ya Nkuhungu
ikingoja mtama wangu upite.
Huogelea kwenye mafuta ya viazi.
Jumapili hujificha ndani ya kaki nyembamba ya meza ya Bwana.
Nilimwendea Kasisi Ndahani nikiona haya kama mwizi.
Akanyamaza, kisha akasema, "Kikombe kinatosha."
Sikulia hivyo hata siku ya kipaimara.

Sasa nasaga mwenyewe, kwa jiwe la marehemu mama
lililokuwa likizuia mlango usibamizwe na upepo.
Ugali wa uwele, wa kijivu kama mawe ya Mlimwa baada ya mvua,
na mlenda unaovutika mpaka kiwikoni.
Bwenini niliukana ugali huu.
Niliwaambia wenzangu kwetu asubuhi tunakula mkate na siagi.
Siagi! Tulikuwa na mbuzi wawili.

Alfajiri bado nakanda; ada ya shule haijui ugonjwa.
Kitambaa puani, mikono naisugua mpaka inawaka.
Andazi la kwanza Nyemo hunionjea.
Hutafuna polepole, macho juu, kama hakimu,
kisha hutikisa kichwa: iliki bado.
Naongeza.