Sikio la Kushoto

Meli ya mwisho iliondoka Oktoba, bahari ikajifunga nyuma yake
kama mlango uliosukumwa na mtu mwenye hasira.
Katika droo, chini ya soksi, nilikuwa na betri kumi na mbili,
kila moja ndogo kuliko kifungo cha shati la mtoto.
Kumi na mbili.
Na huku kwetu, mashariki ya Grinlandi, barafu haiachii kabla ya Julai.

Muuguzi Paninnguaq, aliyenivisha kifaa hiki, alinionya:
"Bandua kibandiko, lakini usiharakishe kuitia.
Iache mezani dakika tano ivute hewa.
Ni kama wewe, Manasse, ikikurupushwa haifanyi kazi.
Na ikishaonja hewa itajila yenyewe, polepole, hata ukiizima."

Miaka hamsini nimelaza shavu kwenye bunduki.
Sili walinilipa nyama, bunduki ikanilipa uziwi.
La kulia linapata mvumo tu. La kushoto, lililokuwa jirani na mtutu,
halipati kitu bila kidude hiki cha plastiki
chenye rangi ya ngozi isiyo yangu.

Betri moja, siku saba, alisema.
Nikapiga hesabu: ishirini na mbili, au Mei nitakuwa jiwe.

Usiku nafungua kilango chake, betri ipumzike.
Siiweki dirishani, baridi huitafuna kama mbwa atafunavyo kamba.
Nikitoka, inaingia mfuko wa ndani, karibu na kwapa,
mahali palipokuwa pa risasi.

Kisha nikapanga nani anastahili.
Mahubiri ya Jumapili: zima. Mchungaji namjua hata akifumba mdomo.
Televisheni ya Kidenmaki: zima.
Shemeji Gerth na habari za goti lake: zima, tena mapema.
Birika: washa kidogo, limeshawahi kuungua.
Mbwa wakilishwa: washa, nijue nani kaanza ugomvi.
Barafu: washa, washa, kabla mguu haujakanyaga,
maana barafu nyembamba husema, ila husema mara moja.

Januari zilibaki nane. Nikajiona tajiri.

Bibiane akaikuta karatasi yangu ya penseli.
Akavaa miwani. Akaisoma juu mpaka chini, chini mpaka juu.
Akanisogelea, akafunga kilango cha kifaa, tiki,
akangoja kilie kile kilio chake kidogo cha kuamka.
"Mbwa wamo," akasema. "Barafu imo. Hata birika limo.
Mimi niko mstari wa ngapi?"

Nilitaka kusema, wewe huhitaji kuandikwa.
Nilitaka kusema, nakusoma mikononi.
Ukweli ni kwamba nilikuwa namzima saa ya kahawa,
nikitikisa kichwa kwa ustadi.

Hakununa. Bibiane hanuni, huhesabu.
Tangu siku ile hanisemeshi mchana.
Maneno yake anayaweka akiba, sijui wapi, labda chini ya soksi zake.
Saa kumi na moja jioni anagonga meza mara mbili,
nawasha, na yanatoka yote yakiwa yamesukwa:
bei ya sukari, mtoto wa Naja ameota jino,
ndoto aliyomwota mama yake,
na jinsi nilivyomwagia mchuzi gauni lake mwaka wa sabini na nane.
Nusu saa. Halafu yeye mwenyewe husema, "Haya, zima."

Jana aligonga mara mbili. Nikawasha.
Hakusema kitu.
Alikuwa anashona kiatu cha mjukuu, uzi ukipita ngozini,
fss, fss,
sauti ambayo sikuwahi kuiandika popote.
Mbali, ghuba ilipasuka kidogo, ikatulia.
Nusu saa ikapita. Ikapita nyingine.
"Haya," akasema, "zima."

Nikajifanya sijasikia.